Pweza wa takrima, jodari wa mchana: uchambuzi wa kisa kimoja cha uhakiki wa mgahawa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina la mji, la mgahawa na ya wahusika yameachwa. Bei na siku zimesogezwa kidogo ili mgahawa usitambulike, lakini uwiano wa bei na mpangilio wa matukio haukuguswa. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaohakiki migahawa bila kutumwa na gazeti wala kampuni, ambao mara nyingi wana wazo zuri la uhuru wao lakini hawajawahi kuuandikia kanuni.

Usuli

Wahakiki walikuwa wawili, mwandishi na mhariri. Walikula pamoja, mwandishi akaandika, mhariri akasahihisha na kuchapisha. Fedha zao zilitoka kwa michango midogo ya wasomaji na tangazo moja la muuza mitungi ya gesi. Hawakupokea tangazo la mgahawa, baa wala hoteli. Bajeti ilitosha milo minne ya watu wawili kwa mwezi.

Walikuwa na desturi nne: kulipa kila kitu wenyewe, kutojitambulisha, kwenda angalau mara mbili, na kusubiri wiki nne baada ya mgahawa kufunguliwa. Desturi hizi wenyewe hawakuzibuni. Craig Claiborne aliposhika dawati la vyakula la New York Times mwaka 1957, ndiye aliyezifanya ziara za mara kwa mara, bili kulipwa na gazeti na mhakiki kutojulikana kuwa kipimo cha kazi hiyo. Wakaguzi wa Michelin, mwongozo wa Ufaransa unaozipa nyota migahawa, nao hula bila kujitangaza na hulipa kama mteja yeyote. Chama cha waandishi wa vyakula cha Marekani kiliwahi kuyaweka mambo hayohayo kwenye mwongozo wa maandishi: ziara zaidi ya moja, na muda wa mgahawa mpya kujipanga kabla ya kuhukumiwa. Sababu ni nyepesi kueleweka. Wiki ya kwanza mpishi hajazoea jiko, wahudumu hawajui menyu, na muuza samaki bado anajaribiwa. Ukimhukumu mtu kwa wiki hiyo umehukumu fungate.

Kwa hawa wawili, yote haya yalikuwa vichwani tu. Hapakuwa na karatasi inayosema nini kifanyike kanuni mbili zinapogongana, au mmoja wao akiugua. Upungufu huo unaeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mpya, kwenye nyumba ya zamani iliyokarabatiwa: meza 14, samaki wa kuchoma na vyakula vya nazi, bei za juu kidogo kuliko za jirani. Mwenye mgahawa alikuwa mtu anayefahamika mjini na mkarimu kwa tabia. Hilo la ukarimu lisipuuzwe. Kulisoma kisa hiki kama habari ya mtu mbaya aliyetaka kuhonga ni kukisoma vibaya.

Matukio kwa mfuatano

Ziara ya kwanza ilikuwa Jumamosi usiku, wiki ya tano tangu mgahawa ufunguliwe. Walikuwa watatu, pamoja na rafiki mmoja. Chakula kizuri, huduma ya polepole. Mwandishi alilipa kwa simu kupitia Lipa Namba (namba ya mfanyabiashara ya kupokea malipo ya simu), kwa laini yake mwenyewe. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ilitolewa, akaipiga picha.

Ziara ya pili ilikuwa siku 12 baadaye, Alhamisi, saa 7:30 mchana. Mwandishi na mhariri walipofika mlangoni waliitwa kwa majina. Meza iliyopo karibu na dirisha ilikuwa imekwisha kutayarishwa. Waliagiza jodari wa kuchoma (26,000), kuku wa kupaka (20,000), wali wa nazi sahani mbili (10,000) na juisi mbili za ukwaju (4,000). Jumla 60,000. Kabla ya chakula walichoagiza kufika, ililetwa sahani kubwa ya pweza wa nazi ambayo hawakuiagiza. Kwenye menyu ilikuwa 18,000. Mwenye mgahawa akaja mezani mwenyewe: "Ndugu zangu, hapa ni kwenu. Kuleni."

Wakala. Chakula chote kilifika ndani ya dakika 15. Mhariri alimla jodari karibu wote. Mwandishi alionja kipande kimoja, akahisi ulimi ukiwasha kama umepakwa pilipili, akadhani ni viungo. Walipoomba bili, keshia alisema imeshalipwa. Wakabishana kwa adabu kwa dakika kadhaa. Keshia hakuthubutu kutoa risiti bila ruhusa ya tajiri wake, na tajiri alishaondoka. Mwishowe mwandishi aliacha shilingi 60,000 mezani, wakatoka. Mlangoni mhudumu mmoja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba pweza wa siku zote si yule.

Saa 9 mchana, wakiwa ofisini, mhariri alianza kuwaka uso na shingo, kichwa kikagonga, moyo ukaenda mbio, akatapika. Daktari wa zahanati ya jirani alimpa dawa ya mzio, na kwenye cheti akaandika kwamba inashukiwa ni sumu ya samaki. Jioni alikuwa nafuu.

Usiku ule walijadiliana hadi saa 4. Wakati mwingi uliishia kwenye pweza: je, walikuwa wamehongwa? Waifute ziara yote? Wairudishe ile 18,000? Asubuhi yake, saa 4:10, mwandishi alimpigia simu mwenye mgahawa kumweleza habari ya jodari. Kutoka dalili za kwanza hadi simu hiyo zilikuwa zimepita saa 19.

Mwenye mgahawa hakukana. Alisema umeme ulikatika asubuhi ile, jenereta likaishiwa mafuta, na jodari aliyepokelewa saa 2 alikaa kwenye beseni lenye barafu kidogo hadi jikoni kulipochangamka. Kisha akasema jambo ambalo mwandishi hakulitarajia: wateja wawili wa jioni walikuwa wamerudi kulalamika kuwashwa ngozi na kuumwa kichwa. Nao walikula jodari.

Baada ya simu hiyo mwandishi alimtumia mwenye mgahawa ujumbe mfupi wa WhatsApp unaorudia yale waliyozungumza, akiuliza kama ameelewa sawa. Jibu lilikuja: "Ndivyo." Siku hiyohiyo alimpelekea afisa afya wa kata taarifa, pamoja na nakala ya cheti. Na 18,000 ya pweza aliituma kwenye Lipa Namba ya mgahawa.

Siku mbili baadaye mtu aliyejitambulisha kama msimamizi wa matangazo ya mgahawa aliahidi shilingi 500,000 kwa "ushirikiano", kwa sharti la kuisoma makala kabla haijatoka. Wakakataa kwa sentensi moja na kuuhifadhi ujumbe.

Maamuzi na sababu zake

Rasimu ya kwanza iliandikwa na mwandishi, lakini mhariri aliongeza mstari: "Jodari wao ameoza, na aliyemla aliishia hospitali." Mwandishi aliukataa. Mabishano yao yalichukua siku tatu, na yanastahili kuelezwa kwa sababu kila upande ulikuwa na hoja.

Mhariri alisema: wasomaji wana haki ya kujua, mimi ni shahidi na cheti ninacho. Mwandishi alisema: hukuona samaki aliyeoza. Ulimwona samaki mzuri, hakunuka, ukamla, ukaumwa. Na zahanati si hospitali, hukulazwa.

Waliamua mambo manne. Kwanza, mhariri asiiguse tena sehemu ya ugonjwa. Ilipewa mtu wa tatu asiye na uhusiano na mgahawa wala na maumivu yale. Pili, ifanyike ziara ya tatu, na mtu asiyejulikana, alipe taslimu. Tatu, makala isitoke mpaka mwenye mgahawa apewe siku tatu za kujibu madai yote ya ukweli, lakini asioneshwe makala yenyewe. Nne, kila kilichopokelewa bure kitajwe juu kabisa, kabla ya neno lolote kuhusu chakula.

Ziara ya tatu ilifanyika siku 10 baada ya ile ya pili, mchana. Pweza wa 18,000 alikuja vipande 9. Ile sahani ya takrima, kwa kuhesabu kwenye picha, ilikuwa na vipande zaidi ya 20. Chakula kilichukua dakika 45. Jodari alikuwa ameondolewa kwenye menyu ya mchana.

Makala ilitoka na maelezo haya juu: "Tulikula hapa mara tatu. Mara ya kwanza na ya tatu tulilipa bili yote na tuna risiti. Mara ya pili tulitambuliwa, tukaletewa sahani ya pweza ambayo hatukuiagiza, na hatukupewa bili. Tuliacha fedha ya tulivyoagiza, na kesho yake tukalipa pweza kwa simu; risiti ya ziara hiyo hatuna. Tunayosema kuhusu pweza na kuhusu muda wa kusubiri yanatokana na ziara tuliyolipa bila kujulikana."

Na kuhusu jodari: "Mmoja wetu alimla jodari wa mchana, na kabla ya saa mbili kupita aliwaka uso, akaumwa kichwa na kutapika. Daktari alishuku sumu ya samaki. Samaki hakupimwa. Mwenye mgahawa ametuambia kwamba umeme ulikatika asubuhi hiyo, kwamba samaki alikaa na barafu kidogo, na kwamba wateja wengine wawili walilalamika. Tumemjulisha afisa afya."

Matokeo

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya wakili ikitaka makala iondolewe ndani ya siku 7. Wahakiki waliisoma mstari kwa mstari wakitafuta kosa lao, nao wakayapata mawili: bei ya kuku iliandikwa 22,000, na makala ilisema "jenereta bovu" wakati mwenye mgahawa alisema mafuta yaliisha. Walisahihisha yote mawili siku hiyohiyo, wakaandika juu ya makala ni nini kilibadilishwa na tarehe gani. Makala haikuondolewa. Wakili alijibiwa kwa barua fupi iliyoambatanishwa risiti mbili, picha ya menyu, ujumbe wa WhatsApp na, kwa ridhaa ya mhariri, cheti cha daktari. Haikuja barua nyingine.

Mgahawa unaendelea. Baada ya ukaguzi wa afisa afya ulinunua sanduku la barafu lenye ujazo wa kutosha na kipimajoto cha friji. Baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba makala ilichelewa, na walikuwa na haki. Mhudumu aliyenong'ona mlangoni alipoteza kazi, tutafika huko.

Uchambuzi: jina lilivujaje

Wahakiki walidhani rafiki fulani ndiye aliyewasema. Hapana. Ukilipa kwa simu, ujumbe anaoupata mfanyabiashara unabeba jina lililosajiliwa kwenye laini yako. Katika mji ambao watu wanajuana, keshia akisoma jina moja linatosha. Kutojulikana kulivunjika dakika ya mwisho ya ziara ya kwanza, na mhakiki mwenyewe ndiye aliyekuvunja.

Dawa yake ni kulipa taslimu, au mwenzako asiyejulikana alipe kwa laini yake kisha umrejeshee. Nafasi ikihitaji kuwekwa mapema, jina na namba ya simu viwe vya huyo huyo. Kuna wahakiki wanaodhani kujificha uso ndiyo kazi yote. Ruth Reichl, mhakiki wa New York Times, alipoandika mwaka 1993 kuhusu Le Cirque, mgahawa wa kifahari wa New York, alienda akiwa amejibadilisha sura na alienda pia akiwa yeye mwenyewe, kisha akaueleza umma tofauti ya mapokezi. Faida ya kutojulikana ni kupata chakula anachopata kila mtu. Ukishatambuliwa, ziara hiyo bado ina faida moja kubwa: inakupa kipimo cha pili. Vipande 20 dhidi ya 9 ni habari ambayo hawangeipata kama wasingetambuliwa.

Uchambuzi: sahani ambayo hukuiagiza

Pwani, kukataa chakula kilichowekwa mbele yako ni kumtukana mwenyeji. Mwongozo wowote unaomwambia mhakiki wa huku "kataa tu" umeandikwa na mtu ambaye hajakaa mezani kwetu. Lakini ukarimu ukiwa na faida kwa anayeutoa, mpaka wake na rushwa haushikiki. Tanzania ililijaribu hilo kwenye jambo zito zaidi: vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kuwakarimu wapiga kura, viliingia mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikavifuta mwaka 2006.

Mhakiki hana haja ya kuamua nia ya mwenyeji. Anachopaswa kukilinda ni rekodi. Njia inayofanya kazi ina hatua tatu, na zote zifanyike kabla ya kula. Shukuru. Sema wazi uko kazini: "Ahsante sana bwana, Mungu akuzidishie. Siku nikija kutembea nitakula cha kwako. Leo niko kazini, kiingize kwenye bili yangu." Kisha mwombe mhudumu akiingize kwenye mashine mbele yako. Sahani ikishaingia kwenye EFD imekuwa oda kama oda nyingine. Mwenyeji akishikilia, acha sahani ikae mezani bila kuguswa. Ni afadhali aibu ya dakika tano kuliko aya ya maelezo.

Wahakiki hawa walikosea mpangilio. Walikula kwanza, wakadai bili baadaye. Wakati huo keshia ndiye aliyebanwa, na keshia hana mamlaka. Fedha waliyoacha mezani haikuthibitisha chochote: inaweza kuwa bakshishi, inaweza kuwa imeingia mfukoni mwa mtu. Zaidi ya hapo, sheria ya kodi inamtaka mnunuzi naye adai risiti, kwa hiyo mhakiki anayetoka bila risiti ameanza kuvunja sheria akitafuta uadilifu. Njia iliyobaki kwao ilikuwa kumsubiri mwenye mgahawa, au kulipa jumla ya 78,000 palepale kwa Lipa Namba. Mara hii jina lisingewadhuru maana lilishajulikana, na muamala ungebaki kuwa ushahidi.

Kuilipa ile 18,000 kesho yake kulikuwa sahihi lakini hakukusafisha kitu. Anayeonja akijua ni zawadi ameonja zawadi, hata akilipa baadaye. Ndiyo maana uamuzi bora katika sehemu hii haukuhusu fedha kabisa: waliamua hukumu ya pweza itoke kwenye ziara ya tatu peke yake.

Uchambuzi: saa 19

Hapa ndipo kisa kinapouma. Kuanzia saa 9 mchana mhariri alikuwa na dalili zinazofahamika. Jodari, nguru na vibua ni samaki wa jamii ambayo, wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchoma, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza kuwa na rangi nzuri na asinuke. Dalili huja haraka, kuanzia dakika chache hadi saa kama mbili: uso kuwaka, kichwa, moyo kwenda mbio, ngozi kuwasha, kutapika. Ulimi kuwasha kama pilipili wakati wa kula ni alama yake, na mwandishi aliihisi.

Jodari waliobaki walikuwa bado jikoni, na jioni watu wangefika. Simu ya dakika mbili saa 10 jioni ingewaondoa mezani. Badala yake wawili wale walikaa wakijadili kama sahani ya pweza imewachafulia jina. Wateja wawili wakaugua. Hatusemi haya kuwalaani. Mmoja alikuwa anaumwa na mwingine anamuuguza. Tunasema kwa sababu mijadala ya maadili ya uhakiki imejaa habari za bahasha na milo ya bure, na mara chache inamtaja mtu atakayekaa kiti hichohicho usiku wa leo. Yeye ndiye wa kwanza. Msomaji atakayesoma wiki ijayo ni wa pili, na jina la mhakiki linakuja mwisho kabisa.

Utaratibu tunaoupendekeza: mmoja wenu akiugua na kuna sababu ya kushuku chakula, pigieni mgahawa saa hiyohiyo, mtaje sahani na saa mliyokula, bila kutaja uhakiki. Nendeni kwa daktari na muombe cheti kinachotaja saa ya kuanza dalili. Mjulisheni afisa afya wa kata au wa halmashauri siku hiyo. Kama kuna mabaki, yafungeni na kuyaweka kwenye baridi, maana bila sampuli hakuna kipimo. Makala ni suala la baadaye, na kumjulisha mwenye mgahawa kuhusu hatari si "kumwonesha makala".

Uchambuzi: sentensi ya ugonjwa

"Ameoza" ingekuwa uongo kwa maana ya kawaida kabisa: samaki huyo hakuwa ameoza kwa macho wala kwa pua. Mhariri alikuwa ameunganisha alichokiona (nimekula, nimeumwa) na alichokikisia (basi samaki kaoza) kuwa kitu kimoja. Mstari wa aina hiyo hauwezi kutetewa kama maoni, kwa sababu unadai jambo la kupimika.

Mara nyingi ukisio huo hata si sahihi. Watu hulaumu mlo wa mwisho. Lakini sumu ya stafilokoka huanza ndani ya saa chache, ile inayotokana na wali uliokaa kwenye joto vivyo hivyo, salmonela huchukua kuanzia saa 6 hadi siku tatu, na kampilobakta siku mbili hadi tano. Mtu aliyeharisha Alhamisi asubuhi anaweza kuwa ameumizwa na kuku wa Jumapili nyumbani kwake. Katika kisa hiki dalili, muda, aina ya samaki, watu watatu wenye dalili zinazofanana na kauli ya mwenye mgahawa vilielekea upande mmoja. Kimoja peke yake kisingetosha kuchapisha.

Mahakama za nchi nyingine zimelipima hili. Gazeti la Irish News lilichapisha mwaka 2000 uhakiki mkali wa mgahawa mmoja wa piza mjini Belfast. Mwaka 2007 baraza la mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kesi) likaupa mgahawa fidia ya pauni 25,000, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo kwa kuwa baraza halikuelekezwa vizuri kutofautisha ukweli na maoni. Huko Australia, uhakiki wa mgahawa wa Sydney uliochapishwa mwaka 2003 ulizaa kesi iliyoendelea hadi 2014, na gazeti likaamriwa kulipa. Kwetu ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa uchapishaji wa taarifa za uongo. Ulinzi wa mhakiki ni uleule kila mahali: ukweli uwe sahihi hadi kwenye bei ya kuku, na maoni yaonekane kuwa maoni. "Kuku alikuwa mkavu, hakunifurahisha" ni yako. "Kuku alipashwa moto wa juzi" unahitaji uwe ulikuwa jikoni.

Kumtoa mhariri kwenye sehemu hiyo ndiko kulikookoa makala. Aliyeumia ni shahidi mzuri na mhariri mbaya. Timu ya watu wawili haina nafasi ya kulifanya hilo ndani kwa ndani, kwa hiyo mtu wa tatu atafutwe na mkubaliane naye mapema, kabla hamjamhitaji.

Ujumbe wa WhatsApp wa kuthibitisha simu nao ulibeba uzito kuliko walivyotegemea. Barua ya wakili ilidai mteja wake hakuwahi kukiri tatizo la umeme. Neno moja, "Ndivyo", lenye saa na tarehe, lilimaliza hoja hiyo. Simu yoyote yenye ukweli utakaouchapisha ifuatwe na muhtasari wa maandishi siku hiyohiyo.

Maelezo ya juu ya makala

Yaliwekwa juu, kwa lugha ya kawaida, yakitaja kitu chenyewe na ziara yenyewe. Tangu Desemba 2009 miongozo ya tume ya biashara ya Marekani imewataka hata waandishi binafsi wa mtandaoni kutaja wazi walichopewa, na sababu ni ileile hapa: msomaji anapima neno lako kwa kujua limetoka wapi. "Asante kwa mwaliko" chini ya picha haitoshi. Vilevile "tulipokea huduma ya heshima" inaficha kuliko inavyosema.

Mhudumu

Makala ilisema: "Mhudumu mmoja alitunong'oneza kwamba pweza wa kila siku si mkubwa hivi." Zamu ya mchana ilikuwa na wahudumu wawili, na picha ya tatu kwenye makala ilimwonesha mmoja wao akiwa amesimama nyuma ya meza. Hakukuwa na jina, lakini mwenye mgahawa hakuhitaji jina. Mhudumu alikuwa kibarua wa siku, hakuwa na mkataba, na kuanzia siku ya pili baada ya makala kutoka hakuitwa tena zamu. Wahakiki waliposikia, siku ya nne, waliondoa sentensi na picha. Mwandishi alimpigia mwenye mgahawa kumwombea. Haikusaidia.

Sentensi ile haikuongeza kitu. Ziara ya tatu ilikuwa imeshathibitisha vipande 9 kwa ushahidi ambao haukumtegemea mtu yeyote wa ndani. Kauli ya mfanyakazi inafaa kutumika kama fununu ya wapi pa kuangalia. Ukishaangalia na kuona mwenyewe, andika ulichokiona. Isipopatikana njia nyingine ya kuthibitisha, na jambo ni zito, muulize kwanza mfanyakazi huyo mbali na kazini kama anakubali kunukuliwa, na umweleze kwamba watu wa zamu yake wanahesabika. Picha zipigwe za sahani, menyu, chumba na risiti. Anayehudumia meza asionekane uso wala sare yenye jina, na saa ya ziara isitajwe kwa namna inayoonesha ni zamu ya nani.